Baba hamezi dawa asiyoijua umri

Mwezi wa tatu baba alipima damu, kolestro ikaonekana iko juu, daktari akamwandikia atorvastatin miligramu 20, kidonge kimoja kila usiku. Akainunua vizuri tu, akaiweka kwenye kabati la vyombo nyuma ya chupa ya chai, na hakuimeza hata siku moja. Mi nimekuja kujua baada ya wiki tatu, na wala sio yeye aliyesema, ni dada wa kazi. Nikampigia. Shikamoo baba, marahaba mama, ile dawa unakunywa lakini? Kimya. Alafu akaniuliza swali ambalo limekula bando langu wiki mbili nzima: "Kwani hii dawa ilianza lini?"

Inabidi mumjue baba kidogo. Amekuwa mtunza stoo kiwandani Morogoro miaka 26, na kwake kitu kisicho na tarehe hakipo. Nyumbani mpaka leo kuna kaunta buku zimeandikwa lini balbu ya jikoni ilibadilishwa. Sasa huyu mzee ana sheria yake, sijui kaitoa wapi, kwamba dawa ambayo haijamaliza miaka 20 duniani haingii tumboni kwake, "wacha wenzangu wajaribu kwanza." Na kule famasi alikonunua alimuuliza kijana wa kaunta, kijana akajibu kwa kujiamini kabisa, hii ya juzijuzi tu mzee, 2011. Ikaishia kabatini.

Nikaona hili dogo, nagugo dakika tano namaliza. Nikaliuliza pia kwenye grup la familia, kosa kubwa. Kaka akasema 1996. Binamu yetu wa Dodoma akasema 1985, ameisoma mahali. Shemeji, ambaye ndo mtu wa ushahidi, akatuma skrinshoti ya patenti yenyewe, imeandikwa imetolewa 28 Desemba 1993, kwahiyo mjadala umefungwa. Haukufungwa. Kila mtu alikuwa ameshika mwaka wa kweli, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika mwaka ambao patenti ya kwanza iliombwa, ambao mi niliuona ndo mwanzo wa dawa.

(Patenti ni ile hati ya serikali inayozuia wengine kutengeneza au kuuza ugunduzi wako kwa muda fulani. Kiswahili sanifu ni hataza, najua. Ila baba nilipomwambia hataza aliniuliza ndo mdudu gani, kwahiyo humu ni patenti.)

Nilianzia pale wengi wanapoanzia, kwa jina la biashara. Lipitor, ya Pfizer. Hapo tu tayari umeshapotea, kwa sababu Pfizer hawakuigundua. Iligunduliwa na mkemia anaitwa Bruce Roth kwenye maabara za Parke-Davis mji wa Ann Arbor, Michigan, na Parke-Davis ilikuwa ya kampuni ya Warner-Lambert. Pfizer waliinunua Warner-Lambert nzima mwaka 2000. Kwahiyo ukitafuta patenti za zamani kwa jina la Pfizer utakesha. Roth aliitengeneza mara ya kwanza 1985, hapo ndo binamu alipopata mwaka wake. Ila kutengeneza kitu maabara sio kukiombea patenti.

Basi nikaenda kwenye Orange Book. Hii ni orodha ya FDA, ile mamlaka ya dawa ya Marekani, ya dawa walizoidhinisha, na tangu ile sheria yao ya mwaka 1984 watu wanayoiita Hatch-Waxman, kampuni yenye dawa inatakiwa iandikishe humo patenti zinazoilinda. Nikasema hapa ndo penyewe. Nikaandika atorvastatin, nikabonyeza Lipitor, nikaangalia sehemu ya patenti, tupu. Nikadhani intaneti imekata. Kumbe Orange Book ya sasa hivi inaonyesha patenti zilizo hai tu, ikikata roho inafutwa kwenye orodha, na za Lipitor zimekufa zote. Yaani kadiri dawa inavyokuwa ya zamani ndo mahali panapojulikana zaidi panavyokuwa hapana msaada. Ukitaka hizo za zamani utafute matoleo ya miaka ya nyuma, yapo kwa PDF, makubwa kama kitabu cha simu.

Na hata ukizipata kuna mtego wa pili, na huu nilinasa mzima mzima. Orange Book haikwambii patenti ilianza lini, inakwambia inaisha lini. Toleo la zamani linaonyesha ile ya zamani kuliko zote, namba 4,681,893, inaisha 24 Machi 2010. Mi nikafanya hesabu ya kila mtu, patenti ni miaka 20, toa 20, jibu 1990. Nikamwandikia baba kwa meseji. Nikaenda kulala kwa amani.

Asubuhi nikaifungua ile patenti yenyewe kwenye Google Patents, bure kabisa, na juu kabisa imeandikwa maombi yamepelekwa 30 Mei 1986. Miaka minne imeyeyuka wapi?

Hii sehemu ndo niliyoipenda kuliko zote, nivumilieni. Marekani mpaka 8 Juni 1995 patenti ilikuwa inahesabiwa miaka 17 kuanzia siku inapotolewa. Baada ya hapo ikawa miaka 20 kuanzia siku ya kupeleka maombi, na zile zilizokuwa hai katikati ya mabadiliko zikapewa ule muda mrefu kati ya hiyo miwili. Hii yetu ilitolewa 21 Julai 1987, ongeza 17 unapata 2004, au 30 Mei 1986 ongeza 20 unapata 30 Mei 2006, kwahiyo inachukua 2006. Alafu sheria ya 1984 inawarudishia wenye dawa sehemu ya muda waliopoteza wakati wanafanya majaribio na kusubiri FDA, mwisho miaka mitano, na hii ilirudishiwa siku 1,213. Hiyo inakupeleka 24 Septemba 2009. Alafu kuna bakshishi ya miezi sita kwa kampuni inayokubali kufanya utafiti wa dawa kwa watoto. 24 Machi 2010. Imefika.

Baba nilipomwelezea hizi siku 1,213 hakuniamini, akachukua kalamu. Kesho yake kanipigia, amehesabu, ni kweli, na 2008 ilikuwa na Februari ya siku 29, "je ulijua?" Sikujua.

Kwahiyo usitoe 20 kwenye tarehe ya mwisho. Jibu utalipata, litakuwa na sura ya jibu, na litakuwa uongo.

Sasa hii skrinshoti ya shemeji. Patenti ya 1993 ipo kweli, namba 5,273,995, na ina sababu yake. Ile ya 1986 inaeleza familia nzima ya molekuli. Molekuli za aina hii zinakuwa na jozi, kama ndara, ya kulia na ya kushoto, zimefanana kila kitu ila mguu wa kulia hauingii vizuri kwenye ya kushoto. Atorvastatin inayofanya kazi mwilini ni ya upande mmoja tu wa jozi. Patenti ya pili, ambayo maombi yake ya mwanzo yalipelekwa 21 Julai 1989, ndo inadai huo upande mmoja na chumvi yake ya kalsiamu, yaani hicho hicho kilichopo kwenye kidonge cha baba. Baadaye ikaja nyingine 1999 ya maumbo ya fuwele zake. Zipo kibao, kila moja imeshikilia kona yake.

Ukisoma utangulizi wa hiyo ya 1993, wenyewe wanataja ile 4,681,893 kama kazi yao ya nyuma. Huu ndo ujanja ambao ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza. Mtu anayeomba patenti analazimika kuzitaja za nyuma ili aonyeshe yake ina jipya gani, kwahiyo hata ukidondokea kwenye ya katikati unapanda nayo, moja inakutajia nyingine, mpaka unafika kwa babu. Kutafuta kwa jina hakutakufikisha kwa babu kamwe. Unajua kwa nini? Kwa sababu kwenye patenti ya 1986 neno atorvastatin halipo. Halikuwa limezaliwa. Jina la kitaalamu la dawa linakuja baadaye, wakati huo maabara waliiita CI-981 tu, na kichwa cha patenti ni lile sentensi la kikemia lenye namba na mabano, yote ya pirolo na pirani, likiishia na vizuizi vya utengenezaji wa kolestro. Mtu wa kawaida hawezi kulikuta hata kwa bahati.

Ujanja mwingine ni ule muda wa kurudishiwa. Dawa moja inaruhusiwa kuongezewa muda kwenye patenti moja tu, kwahiyo kampuni inachagua, na mara nyingi inachagua ile patenti mama. Marekani wanatoa orodha ya patenti zilizoongezewa muda, na kwa Lipitor iliyopo ni hiyo ya 1986. Na wenye duka la dawa la zamani, au mwalimu wa famasia, waulizeni kama wana Merck Index, lile kitabu nene la kemikali, chini ya kila dawa kwa herufi ndogo mara nyingi kuna namba za patenti za jinsi ilivyotengenezwa. Mi nilikuja kuiona mwisho kabisa wakati kazi imeisha, ndo bahati zangu.

Ila shemeji hakukubali kirahisi. Hoja yake ilikuwa, hiyo ya 1986 inazungumzia jozi, baba anakunywa upande mmoja, kwahiyo patenti ya kwanza ya dawa ya baba ni hii yangu. Na mjue hii sio hoja ya kijinga, kampuni ya India ya Ranbaxy ilijitetea nayo mahakamani Marekani iliposhtakiwa na Pfizer, kwamba patenti ya kwanza haihusiani na upande huo mmoja. Agosti 2006 mahakama ya rufaa ikasema inahusiana, huo upande mmoja nao imeushika. Na hapo hapo hukumu hiyo hiyo ikavunja dai namba 6 la patenti ya shemeji (patenti inaorodhesha kwa namba kila kitu inachokidai), kwa kosa la uandishi jamani, sio la sayansi. Dai namba 6 lilikuwa limejiegemeza kwenye dai namba 2 wakati dai namba 2 linazungumzia asidi na namba 6 linazungumzia chumvi ya kalsiamu, na kisheria dai linaloegemea lingine lazima liwe ndani yake. Chumvi haimo ndani ya asidi. Dawa iliyokuwa inauza zaidi ya dola bilioni 12 kwa mwaka, dai lake linaanguka kwa namba ya mstari. Wakaiandika upya na kuirudisha 2009, ikapewa namba mpya inayoanza na RE, ndo maana kuna watu mtandaoni watakwambia Lipitor ni ya 2009. Wameona hiyo.

Na 2011 ya kijana wa famasi? Ile ni 30 Novemba 2011, siku Ranbaxy waliporuhusiwa kuanza kuuza ya kwao Marekani baada ya kupatana na Pfizer. Ndo safari ya kushuka bei huko ilipoanzia. Wala simlaumu sana kijana, huko kaunta wanaulizwa bei, hawaulizwi historia. Na ya kaka, 1996, ni siku FDA walipoidhinisha, 17 Desemba 1996.

Kumwelezea baba hizi tarehe zote nilijiandaa kama naenda kwenye intavyuu. Haikuhitajika. Nimefika nusu akanikata, "Ni kama kiwanja cha Kihonda." Kiwanja chetu aliomba 1984, barua ya ofa ikatoka 1987, hati akaipata 1995 na nyumba akaanza kujenga 1999. "Sasa mtu akikuuliza kiwanja hiki ni chenu tangu lini utamjibu nini?" Nikamwambia tangu 1984. Akasema umeona, foleni inahesabiwa siku uliyopeleka fomu, kwa sababu aliyekuja kuomba baada yako ndo anakaa nyuma yako. Na patenti ni hivo hivo kabisa. Ile tarehe ya maombi ya kwanza, wanayoiita ya kipaumbele, ndo inayoamua nani alitangulia, hata kama hati inatoka baada ya miaka saba. Ukiulizwa dawa ilipewa patenti lini mara ya kwanza, mi msimamo wangu ndo huo, tafuta patenti ya zamani kuliko zote inayodai hiyo molekuli, alafu chukua tarehe ya kipaumbele. Kwa atorvastatin ni 30 Mei 1986. Anayetaka siku hati ilipotoka, 21 Julai 1987, sawa, ila aseme ni hati.

Kitu kimoja nilitaka kukiruka ila kaka atanisumbua. Hizo zote ni za Marekani, na patenti ya Marekani haina nguvu hata kuvuka mpaka wa Mexico, sembuse kuja Morogoro. Boksi la baba limeandikwa limetengenezwa Gujarat. India ilifuta patenti za dawa zenyewe kwa sheria iliyoanza 1972 (walibaki wanalinda njia ya kutengeneza tu) na hawakuzirudisha mpaka 1 Januari 2005, ndo maana viwanda vyao vilikuwa vimeshazoea kutengeneza kila kitu. Sisi Tanzania tupo kwenye kundi la nchi maskini zaidi ambazo mkataba wa WTO, lile shirika la biashara la dunia, hauzilazimishi kulinda patenti za dawa mpaka 1 Januari 2033. Kenya hawamo kwenye hilo kundi, na wao kabla ya sheria yao ya 1989 hukuwa unaomba patenti Nairobi moja kwa moja, unapata ya Uingereza kwanza ndo unakuja kuisajili Kenya. Kwahiyo ukisema ilipewa patenti lini, malizia na wapi.

Na sio kila dawa inakwenda kama hii. Baba aliuliza kuhusu zile za ukimwi, akitaja AZT, maana miaka ile ya tisini ndo jina walilokuwa wanalisikia redioni na hakuna aliyekuwa na hela ya kuinunua. Nikaitafuta kwa ujanja ule ule nikagonga ukuta. AZT ilitengenezwa Detroit 1964 na Jerome Horwitz, akitafuta dawa ya kansa, haikufanya kazi, akaiandikia makala akaiweka pembeni na hakuiombea patenti kabisa. Ndo ikakaa. Burroughs Wellcome wakapeleka maombi Uingereza 16 Machi 1985, miaka 21 baadaye, na wasingeweza kudai molekuli kwa sababu ilishatangazwa hadharani zamani, wakadai matumizi yake kutibu ukimwi. FDA wakaidhinisha 19 Machi 1987, na bei ikatoka maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kwahiyo hapa patenti ya kwanza ni 1985 na dawa ni ya 1964, na Horwitz hakupata senti. Baba alinyamaza hapo muda mrefu kidogo. Tuna watu tuliowazika miaka ile.

Alafu akasema kitu ambacho kiliniudhi na kilikuwa sahihi. "Mama, hiyo 1986 yako nzuri, ila hao walikuwa wanaomba karatasi. Watu walianza kumeza lini?" Wiki mbili zote hizo nimetafuta jibu la swali langu mwenyewe. Lake lilikuwa ni lini watu wa kawaida walianza kuandikiwa na daktari na kwenda nayo nyumbani, na hilo lilikuwa na jibu siku ya kwanza kwenye grup, kaka alilisema, 1996, tukampita kama hatumwoni.

Akachukua kaunta buku. Akaandika jina la dawa, mstari wa kwanza maombi 30/5/1986, hati 21/7/1987, idhini 17/12/1996, akapiga mstari chini ya huo wa mwisho na kalamu nyekundu. Imepita 20. Usiku ule akameza, dada wa kazi akanitumia picha ya kidonge kwenye kiganja chake.

Ningeishia hapo ila kuna jambo. Baba anatumia amlodipine ya presha tangu 2010, na hajawahi kuiuliza swali hata moja. Na mi mkono ushazoea, nikaitafuta. Ya Pfizer pia, ila hii ni yao kweli, wa kule Uingereza, maombi ya kwanza 11 Machi 1982, hati ya Marekani Februari 1986, FDA wakaidhinisha 31 Julai 1992. Nikampigia. Baba, ile ya presha ulipoanza kuinywa ilikuwa na miaka 18 tu, umevunja sheria yako mwenyewe.

Nikasikia kurasa za kaunta buku zinafunuliwa.

"Hiyo," akasema, "tutaihesabu kuanzia maombi."